Nimemaliza madeni ya familia mara tatu na mara tatu nimerudi humohumo. Nianze akiba au nimalize deni kwanza?

#1 Ngazi ya Tatu

Habari wakuu.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Mi hiyo dawa nimeinywa mara tatu ndani ya miaka tisa, nikamaliza kabisa, sidaiwi na mtu, na mara zote tatu haukupita mwaka nikajikuta palepale. Mara ya kwanza mtoto alilazwa wiki tatu. Mara ya pili gari ninalofanyia kazi lilikufa injini. Mara ya tatu kazi ya mke wangu ilisimama miezi minne. Na kila mara nilikuwa ndo nimetoka kumaliza deni, akaunti ipo sifuri kwasababu kila kilichoingia kilikwenda kwenye marejesho, kwahiyo jambo likitokea sina pa kushika nakopa tena, na ukikopa kwa haraka unakopa kwa bei mbaya.

Hali ya sasa: mkopo wa mshahara bado miezi 26. Mikopo miwili ya kwenye simu ya mke wangu, nimeijua mwezi uliopita tu. Deni la shemeji halina riba ila halina amani. Na nimemdhamini mdogo wangu ambaye amesimamisha marejesho.

Hoja yangu ni kwamba ushauri wa "maliza madeni yote kwanza ndo uanze kuweka akiba" unatupoteza. Naona bora uweke hata kidogo huku deni linaendelea. Nina miaka 41, watoto watatu, na cha uzeeni sina zaidi ya makato ya kazini. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Hesabu

Pole mkuu, ila hesabu inaikataa hoja yako. Deni linalokula asilimia 24 kwa mwaka na akiba inayokulipa 6 haviwezi kukaa nyumba moja. Kila 100,000 unayoweka pembeni badala ya kupunguza deni inakugharimu 18,000 kwa mwaka. Tumia kanuni ya 72, gawa 72 kwa riba unapata miaka ambayo pesa inajizidisha mara mbili. Kwa asilimia 6 akiba yako itachukua miaka 12. Kwa 24 deni lako linachukua miaka 3. We upo kwa miguu unashindana na mwenye pikipiki. Einstein mwenyewe alisema riba juu ya riba ni ajabu la nane la dunia.

#3 MamaPacha

Mzee wa Hesabu mi nitakupinga, na sina hesabu nina yaliyonikuta.

Mwaka ambao mume wangu alifariki tulikuwa tunalipa deni kwa nguvu zote, tulikuwa tumejibana mpaka majirani wanatuonea huruma, tulibakiza marejesho mawili tu. Siku ya tatu ya msiba nilikopa. Yaani tulilipa miaka miwili ili nije nikope siku tatu, na nilikopa kwa mtu aliyejua kabisa sina pa kwenda. Ile akiba yako ya asilimia 6 unayoidharau ingeniokoa na riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Sasa hiyo hasara ya 18,000 unayoisema iweke hapo pembeni halafu uniambie ipi kubwa.

Mleta mada weka akiba. Hata ya mwezi mmoja wa matumizi. Ukishafika mwezi mmoja ndo umwage nguvu kwenye deni.

#4 Kalamu Nyeusi

Marekebisho mawili kwa #2. Einstein hajulikani popote kuandika wala kusema hayo maneno, amebandikwa tu miaka mingi baada ya kufa. Ukitaka jina la mtu, kanuni ya 72 imo kwenye kitabu cha hesabu cha Luca Pacioli wa Italia kilichochapwa 1494, mtawa huyo. Pili kanuni ni makadirio, inakaa vizuri riba ikiwa ndogo. Kwa asilimia 24 deni linajizidisha kwa miaka 3 na karibu miezi 3.

#5 Fundi Saa

Mzee wa Hesabu kasahihishwa hesabu kabla uzi haujafika post ya tano 😂 nimekaa hapa siondoki

#6 Mzee wa Hesabu

Einstein nimekubali, asante Kalamu. Miezi mitatu haibadilishi hoja. MamaPacha pole sana mama, nimekuelewa, ila kumbuka mi sijasema mtu asiwe na kitu kabisa, nasema deni kali lisiachwe linanenepa huku unajaza kibubu.

#7 Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ofisi ya mikopo miaka 14. Kabla hamjaendelea kubishana, mleta mada atuambie riba yake inahesabiwaje, maana wengi wanataja asilimia bila kujua ni asilimia ya nini.

Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, umeambiwa riba ni asilimia 10. Ikiwa ni riba ya flati, inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hata mwezi wa 11 ambao ulishalipa karibu wote. Utalipa 110,000 kila mwezi, riba jumla 120,000. Ikiwa ni riba ya salio linalopungua, yaani inapigwa kwenye deni lililobaki tu, asilimia hiyohiyo 10, rejesho ni kama 105,500 na riba jumla ni kama 66,000. Ile ya flati ukiigeuza iwe ya salio linalopungua ni karibu asilimia 18. Mkopaji anaona 10 anafurahi, anakwenda kulinganisha na kwingine wanakomwambia 15 ya salio, anakimbia iliyo nafuu anaangukia iliyo ghali. Nimeona hilo kila wiki kwa miaka 14 na lilikuwa linaniuma maana sikuruhusiwa kumwambia mtu aende kwingine.

Na jambo la pili, uliza ukilipa mapema unapunguziwa nini. Kuna mikataba riba ya miezi iliyobaki inafutwa, kuna ambayo inabaki yote, na kuna ile kanuni ya 78, wanajumlisha 1 mpaka 12 wanapata 78 halafu mwezi wa kwanza unabebeshwa 12 kati ya 78 ya riba yote, wa pili 11, hivyo hivyo mpaka wa mwisho 1. Ukilipa lote baada ya miezi sita unafikiri utasamehewa nusu ya riba, kumbe unasamehewa 21 kati ya 78, yaani kama asilimia 27. Marekani mwaka 1992 walipiga marufuku hiyo kanuni kwa mikopo inayozidi miezi 61.

#8 Ngazi ya Tatu

Karani shukrani. Nimeenda kuangalia mkataba sasa hivi, wa mshahara ni salio linalopungua, asilimia 17. Ya kwenye simu ni asilimia 10 kwa siku 30.

#9 Kobe Polepole

10 kwa mwezi si 120 kwa mwaka hiyo? Jamani

#10 Kalamu Nyeusi

120 ni kama kila mwezi analipa ile riba peke yake na deni la mwanzo linabaki vilevile. Akiwa halipi kitu na riba inaingizwa kwenye deni, 100,000 baada ya mwaka inakuwa karibu 313,800. Hiyo ni riba ya karibu asilimia 214. Kausha damu kabisa.

#11 Mzee wa Hesabu

Ndo nilichokuwa nasema tangu asubuhi. Mkuu hakuna akiba duniani ya kushindana na hiyo. Hizo mbili za simu zife kwanza, hata kama ni kuuza kitu cha ndani. Zikifa ndo turudi kwenye mjadala wa akiba.

#12 tausi88

Naona wote mmerukia asilimia na hakuna aliyeuliza kwanini mke wa mwenzetu alikopa kwenye simu kimyakimya.

Mi nilikuwa huyo mke. Nilikuwa napewa pesa ya matumizi ambayo ilipangwa wakati tuna mtoto mmoja, tukafika watatu pesa ileile, na kila nikisema haitoshi naambiwa tunalipa deni tuvumilie. Kwahiyo yeye alikuwa analipa deni lake kwa nidhamu, anasifiwa na kila mtu, na mimi nilikuwa nakopa ili nyumba isimame. Mwisho wa siku tulikuwa tumelihamisha deni tu, limetoka kwenye jina lake la asilimia 16 likaja kwenye jina langu la riba ya kutisha. Nilikaa na hiyo siri miezi 19. Nilikuwa nazima simu usiku nikisema chaji imeisha, kumbe naogopa meseji za kudai zisiingie akiwa karibu.

Kaka Ngazi ya Tatu usiniambie sasa hivi, ila jiulize ile mara ya pili na ya tatu uliposema umemaliza madeni, ni kweli yalikuwa yameisha au yalikuwa yamehamia kwenye simu nyingine ndani ya nyumba hiyohiyo.

#13 MamaPacha

Tausi. 🙏🏾

#14 Fundi Saa

Uzi umekuwa mzito ghafla

#15 Jembe Butu

Samahani dada tausi ila sikubaliani. Kuna wanaokopa kwa shida na kuna wanaokopa kwa mazoea. Dada yangu wa damu alilipiwa madeni na ukoo mzima, tukachanga, tukafunga daftari, miezi mitano mbele amekopa tena na hakuna mgonjwa wala ada. Simu inakuletea pesa ndani ya dakika mbili, haikuulizi unaenda kufanyia nini, na ukilipa inakuongezea kiwango kama zawadi. Mtu akizoea kile kitu, hata umuongezee matumizi mara mbili atakopa. Tatizo la mleta mada linaweza kuwa hilo na akibembeleza atazama.

#16 tausi88

Jembe Butu inawezekana, simjui mke wake na wewe humjui. Ndo maana nimesema aulize, wewe umeshahukumu.

#17 Ngazi ya Tatu

Wakuu nimesoma zote. Post #12 nimeisoma mara mbili nikaizima simu nikaenda kukaa nje.

Matumizi ninayotoa sikuyabadilisha tangu mtoto wa pili azaliwe. Sikuwa nimeliona hivyo. Nitazungumza nae ila sio leo, leo nitazungumza vibaya.

Naombeni tuendelee na la mdogo wangu maana huko ndo wanapiga simu kila siku. Ni kweli wanaweza kunidai mimi wakati yeye yupo, anafanya kazi na ana mali?

#18 Karani Mstaafu

Kwenye mikataba mingi ya udhamini, ndiyo. Watu wanasaini udhamini wakidhani ni kama kutoa ushahidi wa tabia ya mtu. Unasaini kwamba asipolipa unalipa wewe, na mara nyingi kuna kifungu kinachosema mkopeshaji halazimiki kumaliza njia zote kwa mkopaji kabla ya kuja kwako. Wanakuja kwa aliye rahisi kukamatika, na mwenye mshahara unaopita benki ni rahisi kuliko mwenye biashara ya mkononi.

Ningekuwa wewe kesho asubuhi ningeomba kwa maandishi salio kamili la deni, riba ni kiasi gani na faini kiasi gani. Halafu wewe na mdogo wako mwende pamoja muombe kupangiwa upya kabla halijawekwa kundi la madeni mabaya, baada ya hapo wanakuwa wagumu. Ila mjue kupangiwa upya kuna bei yake. Ule mfano wangu wa 1,200,000 tuuchukue kwa asilimia 18 ya salio. Kwa miezi 12 rejesho ni kama 110,000 na riba yote 120,000. Ukivuta mpaka miezi 24 rejesho linashuka kama 59,900, unapumua, lakini riba yote inapanda karibu 238,000. Inafaa tu kama rejesho la sasa hulimudu kweli.

Na ukilipa chochote kwa niaba yake lipa moja kwa moja kwa mkopeshaji, chukua risiti yenye jina lako. Mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji kile alicholipa, ila bila risiti haki hiyo inabaki mdomoni.

#19 Jembe Butu

Mi nadhani udhamini wa ndugu ndo mchawi mkuu wa madeni ya familia, sio riba. Hapa watu wanapigana na asilimia wakati mtu kadhaminiwa kwa huruma.

#20 Kobe Polepole

Mi naona mchawi ni kipato. Mnaongea kana kwamba watu wana pesa wanazipanga vibaya. Mtu ambaye kipato chake kinaisha tarehe 18 hata umpe kanuni ya 72 na ya 78 zote, tarehe 19 atakopa. Mimi madeni yangu hayakuisha kwa kujibana, nilijibana miaka sita bila kitu, yaliisha nilipoanza kazi ya pili ya usiku, miezi 15 tu. Nililala masaa manne kwa siku na simshauri mtu mwenye watoto wadogo ila ndo ukweli ulivyokuwa.

#21 Zamu ya Usiku

Kobe nakubaliana nusu. Kipato changu kiliongezeka karibu mara mbili na madeni yakaongezeka nayo, maana ukipandishwa cheo na kiwango cha kukopeshwa kinapanda. Kilichonisaidia ni kuikamata nyongeza kabla sijaizoea. Kuna mpango waliufanyia utafiti Richard Thaler na Shlomo Benartzi, wakauandika 2004, wafanyakazi walikubali mapema kwamba kila mshahara ukiongezwa sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba ya uzeeni moja kwa moja. Kundi la kwanza walianza wanaweka asilimia 3.5 ya mshahara, baada ya miezi 40 wakawa wanaweka 13.6. Hawakuumia kwasababu hakuna mwezi mfuko ulipungua kuliko jana yake.

#22 Fundi Saa

Swali la kweli sasa, sio utani. Nina madeni matano madogo madogo. Nianze na lipi? Kuna wanaosema dogo kwanza, kuna wanaosema kali kwanza.

#23 Mzee wa Hesabu

Kali kwanza. Lenye riba kubwa. Unalipa kiwango cha chini kwenye mengine yote na kila kinachobaki unakimwaga kwenye lenye riba kubwa, likifa unahamia linalofuata. Hakuna mpangilio mwingine unaokutoa kwa gharama ndogo kuliko huo.

#24 MamaPacha

Dogo kwanza. Nilikuwa na madeni manane, nikaua matatu madogo ndani ya miezi miwili, wadai wakabaki watano. Simu zinazoita zikapungua, nikaanza kulala. Mtu aliyelala anaweza kuendelea miaka miwili, aliyekesha anaacha mwezi wa nne. Nilipoteza riba kidogo, najua.

#25 Kalamu Nyeusi

Kama riba zinakaribiana wala msigombane, anza na dogo. Kama kuna moja la asilimia 10 kwa mwezi na lingine 17 kwa mwaka hapo hakuna cha saikolojia, ni kali kwanza.

Na la ndugu lisilo na riba msiliweke mwisho wa foleni bila kumwambia mwenyewe. Deni la shemeji halikui kwa asilimia, linakua kwa maneno. Mpelekee hata kidogo kwa tarehe ileile kila mwezi, umwandikie umebakiza kiasi gani.

#26 Kobe Polepole

Hili la shemeji kweli tupu. Kukopa harusi kulipa matanga.

#27 Jembe Butu

Hebu turudi kwenye uzee maana mleta mada kasema ana miaka 41. Mi kwa mawazo yangu mwenye watoto watatu aliowasomesha ana pensheni tatu. Alipe madeni, asomeshe, hayo mengine ni biashara ya watu wa bima.

#28 Zamu ya Usiku

Mkuu mi ndo hiyo pensheni unayoisema. Nalipa deni langu, naweka la watoto wangu, na kila mwezi natuma kwa wazazi wangu wote wawili na kwa mama mkwe. Nawapenda na sitaacha kutuma. Lakini najua sababu ya mimi kukopa mwaka juzi ni kwamba baba yangu alipokuwa na miaka 41 alifikiri kama wewe. Sitaki mwanangu akope kwa ajili yangu. Hili kwangu halina mjadala.

#29 Mzee wa Hesabu

Muda ndo kila kitu. Mtu anayeweka 120,000 kwa mwaka akipata wastani wa asilimia 8, akianza na miaka 25 akifika 60 ana kama milioni 20.7. Akianza na 35 ana kama milioni 8.8. Aliyechelewa kaweka pungufu milioni 1.2 tu lakini kakosa karibu milioni 12. Na umri wa kustaafu 65 aliuweka Bismarck kule Ujerumani 1889 akijua wengi hawatafika.

#30 Kalamu Nyeusi

Mzee wangu samahani tena. Sheria ya Ujerumani ya 1889 iliweka miaka 70. Iliteremshwa kuwa 65 mwaka 1916, Bismarck alishakufa tangu 1898.

Na hizo milioni 20.7 zikikutana na mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa miaka 35, zitanunua kile kinachonunuliwa leo kwa milioni 3.75. Na huyo mtu ametoa mfukoni milioni 4.2.

#31 Fundi Saa

Kalamu muache mzee apumue 😂

#32 Mzee wa Hesabu

Mwacheni, anasema kweli na napenda. Ila Kalamu hujamaliza hesabu, huyo mtu kipato chake nacho kinapanda na bei, kwahiyo hatakiwi kubaki anaweka 120,000 ileile miaka 35. Anatakiwa aweke asilimia ya kipato. Na asipoweka kabisa mfumuko utamkuta hana hata hizo 3.75.

#33 Jembe Butu

Si ndo maana nasema nunua kiwanja. Ardhi haili mfumuko.

#34 Karani Mstaafu

Nimeuza viwanja vya watu walioshindwa kulipa, wengi kwa bei ya kutupa maana mwenye shida hana muda wa kusubiri mnunuzi. Ardhi ni nzuri ila huwezi kukata kipande ukalipie hospitali saa nane usiku. Awe na pesa ya haraka kwanza halafu kiwanja kije.

#35 Zamu ya Usiku

Na inahitajika kiasi gani hasa uzeeni? Nimewahi kusoma kuhusu asilimia 4.

#36 Kalamu Nyeusi

Hiyo ni ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, 1994. Aliangalia takwimu za soko la Marekani kuanzia 1926, akaona mtu aliyegawanya pesa yake karibu nusu hisa za makampuni nusu hati fungani (unaikopesha serikali au kampuni ikulipe riba) angeweza kutoa asilimia 4 mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka akaongeza kufuata mfumuko, na isiishe ndani ya miaka 30. Ukiigeuza ni kwamba unahitaji mara 25 ya matumizi ya mwaka. Ila ni historia ya nchi moja na sio ahadi, sehemu yenye mfumuko mkali usiibebe kama ilivyo. Mi naitumia kujua nipo mbali kiasi gani tu.

#37 Kobe Polepole

Mara 25?? Mi sijafika mara 1

#38 MamaPacha

Mna mambo makubwa. Naomba niseme la chini zaidi, mtu akifa deni linakwenda wapi. Mi niliambiwa deni hufa na mwenye nalo, sikuhangaika, miezi mitatu baadae wakaja.

#39 Karani Mstaafu

Mama pole, halifi. Sheria nyingi zinasema deni linalipwa kwanza kutoka kwenye mali aliyoacha marehemu, kinachobaki ndo warithi wanagawana. Kama mali haikutosha, kwa kawaida mrithi hatakiwi kutoa mfukoni mwake, labda alisaini kama mkopaji mwenza au mdhamini. Wadai wanapenda kumtisha mjane alipe kwa pesa yake, usisaini karatasi yoyote wiki ya msiba.

#40 Kalamu Nyeusi

Hapo inategemea nchi. Kuna nchi mrithi anarithi mali na deni kwa pamoja. Ujerumani unapewa wiki 6 tangu ujue umerithi ili ukatae, Japani miezi 3. Ukinyamaza muda ukapita unahesabika umekubali vyote. Kwahiyo kila mtu aulize sheria ya alipo, na aulize mapema.

#41 Karani Mstaafu

Sahihi, nimeongea kwa nilipofanyia kazi. Niongeze moja, mikopo mingi ya mshahara ina bima ya kulipa deni mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu, unaikatwa siku ya kwanza na wengi hawajui kama wanayo. Familia zinalipa deni ambalo bima ingelilipa, kwasababu hakuna aliyeuliza.

#42 MamaPacha

Miaka sita imepita na leo ndo nasikia hili.

#43 tausi88

MamaPacha nenda kaulize na mkataba hata kama ni miaka sita. Kuna mahali wanaweka kikomo cha muda wa kudai na kuna mahali watakusikiliza. Usijikatie mwenyewe.

#44 Ngazi ya Tatu

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita.

Tumekaa na mke wangu. Nilianza kwa kumwambia nimekosea kwenye matumizi, sikuanza na mikopo. Alinyamaza muda mrefu halafu akaleta simu mwenyewe. Haikuwa miwili, ilikuwa minne. Miwili ilikuwa ya ada ya mtoto wa pili, ile ada ambayo mi niliamini nimelipa yote kumbe nililipa nusu nikasahau. Mmoja wa matibabu ya mama yake. Mmoja alisema ni wa kulipia hiyo mingine, hapo Jembe Butu una sehemu yako ya ukweli.

Tumeandika kila kitu kwenye karatasi moja, jina la mdai, salio, riba, tarehe. Jumla ni kubwa kuliko nilivyowaandikia mwanzo, karibu mara moja na nusu. Ajabu ni kwamba usiku ule nililala.

Tumeuza pikipiki, mikopo mitatu ya simu imekufa. Wa nne unaisha mwezi ujao. Matumizi nimeyapandisha. Na kidogo, kidogo sana, inaingia kwenye akaunti ambayo kuitoa lazima tusaini wote wawili. Mzee wa Hesabu najua utanipigia kelele, na mkopo wa 17 bado upo.

#45 Mzee wa Hesabu

Sikupigii. Mikopo ya simu imekufa, mengine tutabishana taratibu. Ila hiyo akaunti isizidi matumizi ya miezi miwili mpaka ile 17 iishe, hapo ndo ninaposimama.

#46 MamaPacha

Miezi mitatu!

#47 Jembe Butu

Hongera mkuu. Na mdogo wako?

#48 Ngazi ya Tatu

Nilikwenda nae kuomba kupangiwa upya. Alifika mpaka mlangoni akasema anaenda kutoa kopi ya kitambulisho, hakurudi. Salio nimepewa kwa maandishi, nusu ya pesa ni faini. Karani, hizo faini zinapunguzwa au ndo imetoka?

#49 Karani Mstaafu

Faini ndo kitu cha kwanza kinachopunguzwa, riba ni ngumu zaidi, mtaji, yaani pesa yenyewe iliyokopwa, hawagusi. Usiende mikono mitupu. Nenda na barua, taja kiasi unachoweza kulipa siku hiyohiyo na tarehe ya kumaliza. Omba wafute faini kwa maandishi kabla hujatoa pesa, sio baada. Na uliza kama una haki ya kutaka waanze na mali ya mdogo wako kabla ya kuja kwako, isome kwenye mkataba wako wa udhamini, kifungu kinakuwa karibu na mwisho.

#50 tausi88

Na nani atamwambia mama yenu? Maana siku utakayomdai mdogo wako kwa ile risiti, kikao kitaitwa.

#51 Ngazi ya Tatu

Dada hilo ndo limenikalia kifuani. Mkataba nimeupata, nausoma usiku huu.